Protini Tatu na Uvimbe wa Shingo

SWALI: Assalaam alaykum, mama. Nakaa Langoni, Lamu, na umri wangu ni miaka 41. Nna uvimbe shingoni kama kokwa ya tende. Nilichomwa sindano ya kutoa seli Mombasa, majibu yakaja "daraja la 4 la Bethesda". Daktari ataka kutoa nusu ya tezi ya shingo (thairoidi). Dadangu asema kuna kipimo cha protini kinachojua saratani. Je, kitaniepusha na kupasuliwa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Kabla ya kustaafu na kurudi kwetu Malindi nilitia rangi slaidi za tezi, vile vioo vya seli vya kuangaliwa kwa darubini, miaka 26, na majibu kama yako ndiyo niliyokuwa nikiyarudia mara mbili tatu.

Mfumo wa Bethesda, unaopanga majibu ya sindano ya tezi kwa kadiri ya shaka ya saratani, una madaraja 6. La 4 maana yake seli zimejipanga kwa namna ya kutilia shaka, lakini sindano haiwezi kuamua. Wengi wa daraja hilo hukutwa hawana saratani. Shida ni kwamba seli za uvimbe salama wa aina hii na za saratani yake hufanana. Tofauti ni kama zimepasua ganda la uvimbe au zimeingia kwenye mishipa ya damu. Ukitiliwa konzi ya mchele kiganjani, utajuaje kama gunia limetoboka?

Hapo ndipo protini husaidia. Zinazotafutwa sana ni galektini-3, HBME-1 na sitokeratini 19. Kipande chembamba cha seli hutiwa kingamwili inayoshika protini moja tu. Ikiwepo, hugeuka rangi ya kahawia. Saratani ya tezi iliyo ya kawaida zaidi, ile ya papilari, mara nyingi huzionyesha zote tatu.

Lakini usikubali kuamuliwa kwa protini moja. Nakumbuka slaidi iliyowaka kahawia kwa galektini-3, sote maabara tukaingiwa na hofu. Tezi ilipotolewa ikawa ni uvimbe wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi yenyewe. Sitokeratini nayo hudanganya hivyo hivyo. Zikisomwa pamoja, neno lao huwa zito zaidi. Hata hivyo, zote zikikosekana, hicho si cheti cha usalama.

Kwa hiyo sitakuficha: kwa daraja la 4, kipimo hiki huenda kisikuepushe. Nusu ya tezi ikitolewa, ganda lote hukaguliwa pembe zote, na protini zikapimwa hapo kwenye nyama yenyewe. Nusu inayobaki mara nyingi hutosha kukutengenezea homoni.

Kabla hujapanda boti tena, piga simu maabara uulize kama seli zako zimehifadhiwa kwenye nta. Zikiwepo, protini zaweza kupimwa bila kukuchoma upya. Muulize daktari pia kipimo chako cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi kufanya kazi, ni ngapi, na uniandikie akujibu nini.