Mnaoanza kusomea uhifadhi wa michoro, anzeni na majeraha

Mkionyeshwa Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, nyuso za mitume ziacheni kwanza. Ulizeni ukuta uliochorwa umepitia nini.

Jeraha la kwanza lilitoka kwa mchoraji mwenyewe. Mafundi wa zama zake walipaka rangi lipu ikiwa mbichi, rangi na chokaa vikauke pamoja na kushikana. Njia hiyo inadai haraka, na Leonardo alipenda kurudia na kurekebisha. Basi kati ya 1495 na 1498 alichora juu ya ukuta mkavu katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie, Milano. Rangi haikushika. Ilianza kubanduka yeye akiwa bado hai. Kwa hiyo mkikuta uharibifu, kabla ya kumtafuta mkosaji, chunguzeni rangi ilishikizwa na nini.

Kupuuzwa kulifuata. Mwaka 1652 watawa walipanua mlango chini ya mchoro, na miguu ya Yesu ikaenda na kifusi. Askari wa Ufaransa waliugeuza ukumbi kuwa zizi la farasi. Agosti 1943 bomu lilibomoa sehemu kubwa ya jengo; ukuta ule ukasalia kwa sababu ulikuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga.

Lakini wanaonitia hofu zaidi ni waliokuja kuusaidia. Mwaka 1726 Bellotti alipaka rangi zake juu ya za Leonardo. Mwaka 1770 Mazza akakwangua kazi ya Bellotti na kuchora upya, mpaka watu wakapiga kelele akasimamishwa. Mwaka 1821 Barezzi, akidhani ni mchoro wa lipu mbichi, alijaribu kuubandua wote ukutani. Aliharibu sehemu kabla ya kutambua, kisha akajaribu kugundisha vipande kwa gundi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kwa nia ya kuharibu, na ndiyo maana nawataja: nanyi mtaingia chumbani na nia njema na brashi mkononi.

Mhifadhi wa michoro Pinin Brambilla Barcilon alikabidhiwa kazi ya kuurudisha mchoro mwaka 1978, akaimaliza 1999. Aliondoa tabaka za watangulizi wake, na palipokuwa patupu akaweka rangi hafifu ya maji, ili kila mtu aone kipi ni cha Leonardo na kipi si chake. Wapo wanaolalamika kwamba kilichobaki ni kidogo mno. Mimi nakubali kidogo cha kweli.

Kabla hamjaruhusiwa kugusa kazi ya thamani, chukueni ubao wa mazoezi uliopakwa rangi ya mafuta iliyokauka sawasawa, ukwangueni kidogo, mjaze pengo kwa rangi ya maji. Kesho yake iondoeni kwa pamba yenye unyevu. Pamba ikitoka na rangi ya mafuta, chukueni ubao mwingine.