Makocha wako kimya, binti yangu anakata tamaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunaishi Ohio, Marekani, na binti yangu wa darasa la kumi anakimbia mita 800. Tangu Januari ameandikia makocha sita wa vyuo vya Daraja la Kwanza, lile la juu kabisa, la NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) na kuwatumia video. Mmoja tu amejibu, naye ametuma fomu ya kujaza. Sasa kuna bwana anayesema atamtafutia ufadhili, akipata tumpe asilimia 10. Nifanye nini?
Mama wa mkimbiaji

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie binti leo hii, kabla hajalala, kwamba hao makocha hawajamkataa. Kanuni ndiyo iliyowafunga mdomo. Katika riadha, kocha wa Daraja la Kwanza haruhusiwi kumwandikia wala kumpigia simu mwanafunzi kwa ajili ya usajili mpaka tarehe 15 Juni, akishamaliza darasa la kumi. Kabla ya hapo anaweza kutuma fomu za maswali, matangazo ya kambi za mazoezi na vijitabu vya NCAA, basi. Kwa hiyo fomu ile aijaze kwa makini na kuirudisha. Na aendelee kuandika, maana yeye hakatazwi. Kila anapovunja rekodi yake, mistari mitatu inatosha: amekimbia kwa muda gani, mashindano gani, lini.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni karatasi yake ya alama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kijana wa mita 1500, mwepesi kuliko wote niliowahi kufundisha. Kila jioni nilisimama uwanjani na saa mkononi, lakini sikuwahi hata siku moja kuuliza anasoma hesabu gani. Kumbe shule ilimweka kwenye hesabu za matumizi ya nyumbani, somo ambalo NCAA hailitambui. Chuo kilimpokea, lakini mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kushindana. Alikaa jukwaani akiwatazama wenzake wakikimbia. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nenda kwa mshauri wa masomo wa shule wiki hii, umwombe orodha ya masomo ya shule yenu yaliyoidhinishwa na NCAA, kisha mtie alama ya kalamu moja baada ya jingine. Yanatakiwa masomo ya msingi 16: Kiingereza miaka 4, hesabu miaka 3 kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi miaka 2, mwaka 1 zaidi katika mojawapo ya hayo matatu, masomo ya jamii miaka 2, na mengine 4 ambayo yanaweza kuwa lugha ya kigeni. Wastani wake wa alama usipungue 2.3 kati ya 4.0. Sasa angalieni hapa: masomo 10 kati ya hayo, 7 yakiwa ya Kiingereza, hesabu au sayansi, lazima yaishe kabla hajaanza darasa la kumi na mbili, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari. Akishalianza, hawezi tena kurudia somo lolote kati ya yale 10 ili kupandisha alama. Binti yako amebakiza mwaka mmoja na ushee.

Huyo bwana wa asilimia 10 mkatae. Kwa kanuni za NCAA, anayelipwa kwa sababu amempatia mtoto ufadhili anahesabiwa kuwa wakala, na binti anaweza kupoteza haki ya kushindana. Kampuni yenye ada isiyotegemea kupatikana kwa ufadhili inaruhusiwa, ila kwa mkimbiaji sioni haja. Muda wa mita 800 kocha anausoma mwenyewe.

Kuhusu pesa, msitegemee sana ufadhili kamili. Katika riadha wengi hupewa sehemu tu. Vyuo vya Daraja la Tatu, na vile vinane vya kundi la Ivy League, kama Harvard na Yale, havitoi kabisa ufadhili wa michezo, lakini hutoa msaada kulingana na kipato cha familia, na wakati mwingine msaada huo unaizidi ofa ya kocha. Tena ahadi ya mdomo haimfungi mtu, na anayepitisha maombi ya chuo ni ofisi ya udahili. Ombeni kiasi na idadi ya miaka kwa maandishi.

Tarehe 15 Juni simu ikilia, mwache binti aipokee mwenyewe. Kocha anataka kumsikia yeye. Wewe kaa karibu na karatasi ya alama.