Kipandio cha Mooney M20F hakirudi ndani: angalia vakyumu kabla hujanunua chochote

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yaliyofuata. Kwa waliochelewa kuingia: jamaa yuko Arizona, yeye na wenzake wamenunua ndege ndogo ya Mooney M20F ya 1967 ili wakusanye saa za kuruka. Kipandio cha abiria, yaani ngazi ya kukanyaga ya upande wa kulia nyuma ya bawa, kilikuwa kikirudi ndani chenyewe injini ikiwaka. Sasa kinabaki nje, na siku nyingine kinaishia nusu ya njia. Anauliza atapata wapi kingine.

Mimi ni fundi huku Texas, nina cheti cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, cha fremu na injini, kile wanachokiita A&P, na Mooney za miaka ya sitini nimezifungua za kutosha. Najibu kwa urefu kwa sababu ushauri mwingine uliotolewa hapo juu utakuingiza gharama ambayo huihitaji, na mmoja, ule wa "kaza regyuleta kidogo" (valvu inayodhibiti mfyonzo), unaweza kukuletea balaa ukiwa mawinguni.

Kipandio hicho hakina mota. Kinavutwa na vakyumu, yaani mfyonzo uleule unaozungusha jairo (kigurudumu kinachozunguka kwa kasi ndani ya chombo) ya upeo bandia na ya mwelekeo kwenye dashibodi yako. Injini ikiwaka, pampu inafyonza hewa. Mpira mmoja unakwenda kwenye vyombo, mwingine unaelekea mkiani, nyuma ya sehemu ya mizigo, mpaka kwenye mvukuto wa mpira. Mvukuto unanywea, unavuta kebo, kebo inapandisha kipandio. Ukizima injini mfyonzo unakwisha, springi inakishusha, abiria anakanyaga anateremka. Mooney zilizotangulia zilikuwa na mkono wa kuzungusha ndani ya kabini, rubani anakipandisha mwenyewe akikumbuka. Hii ya vakyumu ilikuwa akili nzuri kwa wakati wake: nguvu ilikuwa tayari ipo, wakaitumia.

Shida ni kwamba mpira uliotengenezwa 1967 umeshapita nusu karne. Umekauka, umepasuka kwenye mikunjo, na kila ufa ni tundu kwenye mfumo unaoshika vyombo vyako vya kurukia bila kuona nje. Kwa hiyo swali lako mimi naligeuza. Ngazi kubaki nje haijamuua mtu angani. Ndege itaruka tu, pengine itapoteza maili moja ya mwendo. Linalonisumbua mimi ni hewa inayoingia kwenye mfumo kupitia mkiani.

Hewa hiyo ina madhara mawili. La kwanza, haipiti kwenye chujio. Mfumo ukiwa mzima, hewa yote inayofyonzwa inaingia kwa kupitia chujio, ndipo inafika kwenye jairo na pampu. Inayoingia kwa ufa wa mvukuto inakuja na vumbi la mkiani, na wewe uko Arizona, vumbi hulitafuti. Pampu kavu ndani yake ina rota na visahani vya kaboni vinavyojilainisha kwa kusagika vyenyewe kidogo kidogo. Ukivilisha mchanga vinaisha haraka, na pampu hizi haziagi, zikifa zinakufa ghafla. Nina mteja aliyekuwa akibadilisha pampu kila mara, akiwalaumu waliomuuzia, hadi siku tulipofungua paneli ya nyuma tukakuta mvukuto una ufa wa kuingiza kidole. Tulipoziba mpira ule, habari za pampu zikaisha.

La pili, regyuleta inakuficha. Kazi yake ni kuingiza hewa ya ziada ili mfyonzo usizidi kiwango, karibu inchi 5 za zebaki kwenye geji. Hewa ikivuja kwingine, regyuleta inajibana ili kufidia, na wewe ukiwa angani unaona geji iko sawa kabisa. Uvujaji utajionyesha pale injini inapozunguka polepole ardhini, pampu haina nguvu ya kutosha: sindano inashuka kuliko ilivyozoea. Kwa hiyo leo ukienda hanga, washa injini, soma geji kwenye mzunguko wa chini, kisha kwenye mizunguko 1,700 au 2,000 kwa dakika, andika. Hayo ndiyo maelezo ya maana kuliko picha ya kipandio uliyoweka.

Na ndiyo sababu usikubali kukaziwa regyuleta. Ukiirekebisha ili ifiche uvujaji, siku uvujaji ukizibwa vyombo vinapata mfyonzo mkali kupita kiasi, bearingi za jairo zinaumia, na kutengeneza jairo ni bei ya vipandio kadhaa. Ziba kwanza, regyuleta iguswe mwisho kama bado kuna haja.

Sasa jinsi ya kutafuta. Injini ikiwa imezimwa, shika kipandio kwa mkono ukisukume juu. Kinatakiwa kupanda kwa ukinzani wa springi na ukikiachia kirudi chini chote bila kusitasita. Kikikwama, una tatizo la chuma pia, nitalifikia. Kikienda vizuri, fungua paneli za nyuma ya sehemu ya mizigo, ufuate mpira mpaka kwenye mvukuto. Tochi na kioo kidogo cha mkono vinatosha. Ukunjue kila mkunjo taratibu. Kisha chukua pampu ya mkono ya kufyonza, ile mafundi magari wanayotolea hewa kwenye breki, ichomeke kwenye mvukuto peke yake, fyonza mpaka inchi 5 uangalie kama inashika. Ikishuka mbele ya macho yako, jibu umelipata. Ikishika na kipandio kikapanda, basi mvukuto ni mzima na hewa inapotea kwenye mipira au viungio vyake, jambo ambalo ni rahisi zaidi na hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kuna kitu kimoja usikifanye hata uambiwe na nani: usipulize hewa ya kompresa kwenye mipira hii wakati vyombo bado vimeunganishwa. Jairo hazikuumbwa kwa msukumo wa upande huo.

Ukitaka mtu akuangalizie kipandio kikipanda wakati injini inawaka, mtu huyo akae nyuma ya ncha ya bawa, umwone, na asisogee mpaka propela isimame kabisa. Mlango wa Mooney za umri huu ni mmoja tu, uko kulia, na watu wana tabia ya kuuendea.

Tena usisahau PC (Positive Control). Mooney nyingi za kuanzia 1965 zilitoka kiwandani na mfumo huo wa kampuni ya Brittain unaonyoosha mabawa muda wote mpaka ubonyeze kitufe kwenye usukani. Nao unaendeshwa na vakyumu hiyohiyo na una mivukuto yake ya mpira. Kama kwenye ndege yenu haujang'olewa, uvujaji unaweza kuwa wa huko, na kipandio kinakosa nguvu kwa sababu kimeibiwa tu. Tenga tawi moja moja uone geji inasemaje.

Upande wa chuma. Kipandio kinachokwama katikati mara nyingi kimeshika uchafu: grisi ya zamani iliyochanganyika na mchanga imekuwa kama lami. Safisha, kisha tumia kilainishi kikavu, usipake grisi nzito ikakuletea uchafu mwingine. Angalia kebo kama nyuzi zimeanza kukatika pale inapopinda. Angalia bushi, ukitikisa kipandio kulia na kushoto kisiwe kinacheza kama jino bovu. Angalia weldi pale kikanyagio kinapoungana na bomba, hapo ndipo nyufa huanzia, kwa sababu abiria hakanyagi tu, anarukia. Na bomba likiwa limepinda, usilinyooshe kwa nyundo ukaridhika. Chuma kilichopinda pale kimeshapokea mzigo ambao hakikupangiwa, kikaguliwe nyufa na mtu mwenye vifaa.

Ukiwa umeshafungua huko ndani, tumia nafasi hiyo. Kabini ya Mooney imejengwa kwa kiunzi cha mabomba ya chuma, na maji yanayovuja madirishani yanalowesha sufi ya kuzuia kelele, sufi inakaa na unyevu juu ya bomba, kutu inakula. Waraka wa kiwanda SB M20-208 unazungumzia jambo hilo hasa. Muulize aliyewauzia kama ulifanyika na imeandikwa wapi. Kipandio ni kitu kidogo, bomba lililoliwa na kutu ni ndege nzima.

Haya, uamuzi. Njia ni tatu: kukarabati mfumo, kuukata na kukiacha kipandio nje, au kuweka kile kisichosogea cha Mooney za baadaye.

Kukarabati maana yake ni kupata mvukuto. Wengi hukimbilia ndege zilizovunjwa. Fikiri kidogo: mvukuto wa ndege iliyovunjwa ni mpira wa miaka ileile, na pengine umekaa juani miaka mingi. Utalipa pesa nzuri kununua ugonjwa ulio nao. Njia yenye akili zaidi kwa ndege kongwe ni kanuni ya FAA 21.9(a)(5), inayomruhusu mwenye ndege kutengeneza au kutengenezesha kipuri kwa ajili ya ndege yake mwenyewe, mradi ashiriki kweli, atoe vipimo au kipande cha mfano, asimamie ubora. Kumwambia fundi "nitengenezee" ukaenda zako hakuhesabiki kuwa ni kushiriki. Fundi wako ndiye atakayeamua kama kinafaa kufungwa.

Kuukata ndiko ninakokushauri wewe. Tenganisha mpira wa mkiani, ziba tawi lile mbele kabisa karibu na chanzo kwa kizibo cha kufaa na klampu, usizibe kule nyuma ukaacha mita kadhaa za mpira mzee bado zimo kwenye mfumo. Hakikisha springi inakishikilia kipandio chini kwa nguvu, au kifungwe kisiweze kupanda. Ni kazi ya asubuhi moja, na vyombo vyako vinapata mfyonzo wote. Mpo hapo kukusanya saa, hamuendi mashindanoni.

Na kwa wale watakaolia kuhusu mwendo: M20J ya 1977, aliyoisimamia mhandisi Roy LoPresti, iliitwa 201 kwa sababu ilifikisha maili 201 kwa saa kwa injini ya nguvu farasi 200, sawa na yako. Kipandio chake hakisogei. Mwendo waliupata kwenye kioo cha mbele, kifuniko cha injini na kuziba mianya. Kiwanda chenyewe kilishaachana na mvukuto, sisi tunaung'ang'ania wa nini? Anayekarabati ndege iwe kama ilivyotoka kiwandani Kerrville, huyo namwelewa, na ni kazi nzuri kuitazama ikifanya kazi. Nje ya hapo sioni faida.

Kile kisichosogea ni suluhisho safi zaidi kama cha kwenu kimepinda au kimepasuka. Hapo lakini karatasi zinaingia. Kuna wakaguzi wenye IA (kibali cha FAA cha kukagua) wanaolichukulia kuwa badiliko dogo la kuandikwa kwenye logibuku tu, kwa kuwa kipuri ni cha familia ileile chini ya cheti cha aina 2A3. Wengine wanataka Fomu 337, ile ya FAA ya mabadiliko makubwa. Kabla hujanunua, muulize yule atakayesaini ukaguzi wenu wa mwaka. Yeye ndiye mwenye kauli, siyo mimi wala wachangiaji wa hapa.

Na kwa njia yoyote kati ya hizo, vitu vikitolewa mkiani uzito na mizania vinabadilika. Ni kilo chache, lakini viko mbali nyuma, kwa hiyo kitovu cha uzito kinasogea mbele kidogo. Ipigwe hesabu mpya, iingie kwenye vitabu vya ndege.

Umeuliza pia wewe mwenyewe unaruhusiwa kugusa nini. Kama una leseni ya rubani binafsi na ndege ni yenu, haitumiki kibiashara, Part 43 ya kanuni za FAA, kiambatisho A, inakuruhusu kubadilisha viungio vya mipira isipokuwa ya haidroliki, na uandike na kusaini. Kipandio chenyewe, kebo na mvukuto havimo kwenye orodha hiyo; fanya chini ya usimamizi wa A&P anayekuona, yeye asaini. Hii ni sheria ya Marekani, kwa ndege yenye usajili wa N. Mwenye ndege ya 5H (Tanzania) au 5Y (Kenya) aanzie kwa mamlaka ya anga ya nchi yake, TCAA au KCAA.

Mdau wa uwanja wa Wilson, Nairobi, uliyeuliza kuhusu kipandio cha ndege ya Beechcraft Bonanza ya zamani: hiyo yenu ni hadithi nyingine. Haina vakyumu kwenye kipandio, kinavutwa kwa kebo iliyoungana na gurudumu la mbele, gurudumu likipanda nacho kinapanda. Usiirekebishe kebo ile ndege ikiwa imesimama kwenye magurudumu ukasema umemaliza. Ipande jeki, magurudumu yakunjwe na kukunjuliwa mbele ya macho ya injinia wako, kwa sababu kebo ikiwa fupi mno inashindana na gurudumu lenyewe. Mkiona kebo imechakaa, iondoeni kabisa kuliko kuiacha ikining'inia karibu na mitambo ya gurudumu.

Mkuu wa Arizona, leta zile namba za geji, mzunguko wa chini na wa juu, na useme kama PC bado ipo.