Vidonge vya kichocho havikingi, mkuu. Soma kabla hujawarudisha watoto ziwani

Mkuu, hiyo Ijumaa ifute kwanza kwenye mpango wako.

Umeandika kwamba umefikisha miaka 38 ukagundua huna unachokipenda nje ya kazi, kwa hiyo wewe na wanao wawili mmeanza kujifunza kuogelea Luchelele, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, na Jumapili iliyopita mmeshaingia mara ya kwanza. Umeuliza miwani ya kuogelea, umeuliza mtoto wa miaka 7 aanzie kina gani, umeuliza namna ya kumlainisha mama yao ambaye hataki. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, ukaandika: "Ijumaa hii tutameza vidonge vya kichocho ili tuwe tunaingia tukiwa na kinga."

Hiyo sentensi ni yangu. Niliitamka mwenyewe sebuleni kwangu Nyegezi, mwezi wa sita, nikiwa na uhakika kuliko hata wewe.

Aliyenipa ni muuza duka la dawa. Nilimweleza kwamba tunaanza kuogelea ziwani, mimi na mwanangu wa miaka 12 na mdogo wake wa kike wa miaka 9. Akanihesabia vidonge, akasema, "Meza kabla, utakuwa umejikinga." Nikamwamini kwa sababu alivaa koti jeupe. Na jamaa aliyekuwa akitufundisha kuogelea akaongeza la kwake: maji yakiwa maangavu mpaka unaona vidole vya miguu, hakuna kichocho. Wote wawili walichukua hela yangu, na mpaka leo nikiwakumbuka kifua kinabana. Usipojua, sema hujui. Mtu amekuja na watoto.

Sikia dawa inavyofanya kazi. Praziquantel, ndivyo hivyo vidonge, inaua minyoo ya kichocho iliyokwisha komaa mwilini. Haikai kwenye damu ikisubiri wageni. Baada ya saa chache nguvu yake imekwisha. Tena minyoo michanga, ile ya wiki mbili tatu, mingi inaponyoka hata ukimeza kipimo kamili. Kumeza Ijumaa ili uingie ziwani Jumapili ni kupiga deki halafu ukawafungulia mlango watu wenye tope miguuni.

Na maji maangavu? Mayai ya kichocho cha tumbo yanafika ziwani kwa kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa. Yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, na baada ya wiki kadhaa vinatoka kwa wingi kutafuta ngozi ya mtu. Huvioni kwa macho. Havihitaji kidonda wala umeze maji, vinapenya ngozi nzima. Na vinatoka zaidi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi iliyokomaa mpaka mchana. Sisi tulikuwa tunaingia saa nne na kutoka saa saba, pembeni kabisa ya matete, kwa sababu pale mawimbi hayasumbui watoto.

Binti yangu alikuwa akiokota konokono. Bapa, wadogo kama kifungo cha shati, rangi ya chai ya rangi. Aliwajaza kwenye kopo la siagi, nyumbani akawapanga mstari dirishani kwake. Mimi nikawa namsifu kwa kupenda viumbe. Mama yake ni mzaliwa wa Ukerewe, alipowaona akawatupa wote jalalani bila kusema neno, kisha usiku akaniambia, "Baba fulani, hao ndio wenyewe. Watoto watoke kwenye matete." Nikamjibu kwamba tumemeza dawa.

Baada ya wiki mbili akalazimisha tukapime. Tukapima choo wote watatu, hakuna kitu. Ile karatasi ya majibu niliibandika kwenye friji, na kila alipofungua mdomo nilimwonyesha kwa kidole. Hapa ndipo nilipoiumiza familia yangu kuliko hata kwenye vidonge. Minyoo haianzi kutaga siku hiyohiyo. Mayai yanaanza kuonekana kwenye choo baada ya wiki tano, sita, pengine zaidi. Kupima wiki ya pili ni kutafuta mayai kwa kifaranga. Tukaendelea kuogelea Jumapili zote mpaka mwisho wa mwezi wa nane.

Mwezi wa kumi na moja binti akaanza kulia tumbo. Choo chenye damu. Zahanati ya kwanza wakasema amiba, akapewa dawa. Akarudia, wakasema amiba tena. Alikosa shule karibu mwezi mzima, na yule mtoto anapenda shule. Mara ya tatu tulikwenda kwingine, dada wa maabara akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Mnaoga ziwani?" Baada ya muda akaniita nichungulie kwenye darubini. Nikaona yai, refu kidogo, lina mwiba mmoja ubavuni. Akasema mwiba ukiwa ubavuni ni kichocho cha tumbo. Tukapimwa na sisi: kaka yake analo, mimi ninalo. Mama yao, ambaye hakuwahi kutia mguu, hakuwa nalo.

Tulitibiwa kwa dawa ileile, safari hii kwa wakati wake: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, baada ya kula, kwa sababu tumbo tupu inasumbua sana. Binti amepona, anakula, amerudi darasani. Lakini nilichojifunza juu yangu hakitibiwi na kidonge. Nilimwamini mtu wa dukani niliyemjua kwa dakika kumi nikamwacha mwanamke aliyekulia kisiwani, anayeijua hiyo pwani kwa miguu yake. Ukiuliza namna ya kumlainisha shemeji yangu, mimi nasema kaa chini umsikilize anakataa nini hasa.

Sisemi uache kuogelea. Nilikuwa na miaka 41 nilipoelea kwa mara ya kwanza, nikiangalia mawingu, na kijana wangu ambaye nyumbani hujibu kwa neno moja alinisimulia mambo ya shule mpaka midomo ikawa myeupe kwa baridi. Kitu kile sikiachi. Sasa tunakwenda kwenye bwawa la hoteli lenye klorini, mara moja kwa mwezi kwa sababu kiingilio cha watu watatu kinauma, na mama yao anakaa pembeni na soda yake akituhesabia mizunguko.

Rudi kwenye lako. Mmeshaingia mara moja, kwa hiyo usinunue kidonge chochote Ijumaa hii na usikimbilie kupima ukafarijika bure. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia Jumapili iliyopita, hesabu wiki sita mpaka nane mbele, zungushia tena. Siku hiyo nendeni wote watatu hospitali, mseme wazi kwamba mliingia ziwani, na lini. Katikati hapo mtoto akipata homa, kikohozi, vipele vya kuwasha au damu kwenye choo, usisubiri tarehe, mpeleke siku hiyohiyo na uwatajie ziwa kabla hawajaandika amiba.

Kalenda izungushie leo, kabla hujalala.