Kina Kirby si ukoo mmoja

Hapana, watu wenye jina la ukoo Kirby si lazima wawe ndugu. Umeuliza kama kina Kirby wote wa Uingereza wametoka kijiji kimoja, lakini vijiji vyenyewe vya jina hilo ni vingi. Jina limetoka kwa Wanorse wa kale, watu wa Skandinavia: kirkja ni kanisa, býr ni kijiji au shamba lenye makazi. Mwaka 876 jeshi la Wadenmark liligawana ardhi ya Northumbria, ufalme wa kaskazini mwa Uingereza, na kuanza kulima, na walowezi wa aina hiyo wakaacha majina yao kote kaskazini na mashariki. Palipokuwa na kanisa, basi Kirkby. Ndiyo maana kuna Kirkby Lonsdale na Kirkby Stephen kule Cumbria, Kirkby karibu na Liverpool, West Kirby huko Wirral, Kirby Bellars huko Leicestershire... K ya pili haitamkwi, kwa hiyo tahajia isikusumbue.

Majina ya ukoo yalienea baada ya Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, kuingia mwaka 1066. Mtu akihama, wenyeji wake wapya walimwita kwa kijiji alikotoka, na kila kijiji kikazaa kina Kirby wake.

Wengine walijichagulia tu. Jack Kirby, mchoraji wa Marekani aliyeshiriki kumbuni Captain America, shujaa wa vitabu vya katuni, alizaliwa Jacob Kurtzberg, mtoto wa Wayahudi wahamiaji.

Kwa familia yako, anza na vitabu vya ubatizo vya parokia. Vilianza kuandikwa kwa amri mwaka 1538.