Wodi ya wazee ina kazi gani kwa mfamasia?

SWALI: Shikamoo dada. Namalizia mafunzo ya vitendo ya ufamasia na nimepangiwa wodi ya wazee. Wenzangu waliopangiwa upasuaji na saratani wananionea huruma, wanasema nitakuwa nahesabu vidonge vya presha mpaka nichoke. Mimi nilitaka kubobea. Niombe kuhamishwa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usihame. Wodi hiyo ndiyo ninayofanyia kazi, na sijaona nyingine inayomhitaji mfamasia kuliko hiyo. Kijana akiandikiwa dawa isiyomfaa, mara nyingi mwili wake huihimili. Mzee hana akiba hiyo. Figo na ini vimepungua kasi, misuli imepungua, na diazepamu aliyopewa ili apate usingizi inakaa mwilini siku kadhaa. Anaamka usiku kwenda chooni, anayumba, anaanguka, nyonga inavunjika. Kwenye faili wanaandika "ameanguka", basi. Kilichomwangusha hakijulikani mpaka mtu akae chini asome karatasi yake ya dawa, na mtu huyo ni wewe.

Chukua bibi wa miaka 82 mwenye kilo 45. Majibu ya maabara yanaonyesha kreatinini, taka ya damuni inayochujwa na figo, ni miligramu 1.0 kwa desilita, iko ndani ya kiwango, kila mtu anafungua ukurasa unaofuata. Wewe piga hesabu ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, ya kukadiria kasi ya figo kuchuja damu: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, na kwa kuwa ni mwanamke zidisha kwa 0.85. Utapata kama mililita 31 kwa dakika, karibu theluthi tu ya uwezo wa figo za kijana mwenye afya. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na bibi huyu misuli imemwisha, ndiyo maana namba yake inapendeza. Kama anatumia digoksini ya moyo, au leo ameandikiwa jentamaisini ya kuua bakteria, dawa zinazotolewa mwilini na figo, zungumza na daktari kabla dozi haijatolewa.

Halafu kuna dawa zinazozaa dawa. Mzee anapewa amlodipini ya presha, miguu inavimba, jambo linalojulikana kwa dawa hiyo. Badala ya kuiangalia amlodipini, anaongezewa furosemidi ya kutoa maji. Sasa mkojo unamtoka kabla hajafika chooni, anapewa oksibutinini ya kibofu. Hiyo inamkausha mdomo, inamfungisha choo na kumvuruga akili. Inaongezwa dawa ya kulainisha choo, na familia inaanza kuamini kwamba baba amepoteza kumbukumbu. Watafiti wa dawa za wazee Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliueleza msururu wa namna hii katika miaka ya 1990, na bado unaukuta kwenye mafaili. Kila unapoona dawa mpya, jiulize: inatibu ugonjwa, au inatibu dawa nyingine?

Soma orodha ya Beers, ya dawa za kuepukwa kwa wazee, iliyotoka mara ya kwanza Marekani mwaka 1991, kisha STOPP/START, mwongozo wa dawa za kuacha na za kuanza kwa wazee, uliotolewa Ireland mwaka 2008. Mimi naupenda zaidi huu wa pili kwa sababu unauliza pia ni dawa gani mzee anaistahili na hajapewa. Kumnyima mtu dawa ya kuzuia kiharusi kwa kuwa tu ana miaka tisini ni dhuluma, na ukiiona iseme. Na unapopunguza, punguza moja moja, ukifuatilia. Diazepamu ya muda mrefu au dawa ya moyo ya jamii ya atenololi haikatwi ghafla.

Kitu ambacho vitabu havikifundishi vya kutosha ni namna ya kuuliza. Ukimwuliza mzee "unakunywa dawa zako?", atasema ndiyo, kwa heshima tu. Kaa usawa wa macho yake, zungumza naye yeye na si mwanawe aliyesimama pembeni, umwulize: "Jana usiku ulianza na kidonge kipi?" Mpe kopo alifungue mbele yako. Nimeona wagonjwa walioandikwa "hafuati dawa" wakati vidole vyao vimekakamaa kwa baridi yabisi na kile kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha hawakiwezi kabisa. Dawa ilikuwa sahihi na dozi sahihi; ni kopo lililohitaji kubadilishwa.

Ubobezi unaoutafuta, mdogo wangu, uko hapo hapo walipokupangia.

SWALI: Baba alipata kiharusi na vidonge vinamkaba. Navisaga vyote pamoja na kuvichanganya kwenye chakula chake laini. Kuna ubaya?

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Ubaya upo, ila unarekebishika. Vidonge vingine, kama nifedipini ya kutoa dawa polepole, vimetengenezwa vikae kazini saa nyingi. Ukikisaga, dozi yote inaingia kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka vibaya. Vingine vina ganda linaloikinga dawa isiharibiwe na asidi ya tumbo. Na ukimwaga dawa kwenye sahani nzima kisha baba akala nusu, hujui amepata kiasi gani.

Usisimamishe dawa kwa uamuzi wako. Wahi kwa mfamasia au daktari wake leo au kesho, uwaeleze pia huko kukabwa, maana chakula na maji vinaweza kumwingilia mapafuni na lazima achunguzwe anavyomeza. Dawa nyingi zina aina ya maji au ya kuyeyusha. Nenda na pakiti zenyewe, si majina uliyoyaandika kwenye karatasi: jina moja linaweza kuwa na kidonge cha kawaida na cha kutoa dawa polepole, na tofauti yake ni herufi mbili ndogo zilizochapwa pembeni ya jina.