Tuna taimshea Marekani hatuitaki, na sasa kuna mtu anasema ana mteja

SWALI: Shikamoo anti. 2016 mimi na mume wangu tulienda kumsalimia kaka yake Orlando, Florida, tukaalikwa chai ya asubuhi ya bure, maneno yakawa mengi mpaka tukasaini taimshea, yani wiki moja kila mwaka hotelini kwao. Tangu turudi Dar hatujakanyaga tena, nauli ndo usiseme, ila sevis chaji inakuja kila Januari na inapanda tu. Juzi kuna mtu kanipigia WhatsApp, anajua majina yetu na hoteli, anasema kapata mteja wa bei nzuri ila tutume kwanza dola 1,900 za kodi, eti zitarudi siku ya mauzo. Mume anataka tukakope Saccos. Tufanyeje?
Mama wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Saccos msiende na msitume hata senti, huyo ni tapeli. Hata dalali wa Sinza hela yake ya mwezi mmoja anachukua ukishapata nyumba, sa huyu wa WhatsApp anataka yake kabla hujamuona mteja kwa nini?

Taimshea ikishatoka mkononi mwa kampuni thamani inaporomoka vibaya, watu wanaziuza mtandaoni kwa dola moja na bado hazitoki, kwaiyo anayekwambia kuna mtu wa bei nzuri anakudanganya toka sentensi ya kwanza. Kujua majina yenu isiwatishe, orodha za wamiliki zinavuja na kuuzwa. Ukilipa hiyo kodi kesho itakuja ya benki, keshokutwa ya mwanasheria, na ukishalia umeibiwa anakupigia mwingine anayejiita wakili wa kurudisha hela, naye anataka chake kwanza. Na sio sisi tu tunaolizwa, serikali ya Marekani ilitangaza 2024 kwamba kati ya 2019 na 2023 Wamarekani kama 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwenye utapeli wa taimshea za Mexico tu.

Sheria ya Florida inakupa siku 10 za kuvunja mkataba baada ya kusaini, zenu zimeshapita, na akija mtu kuwaambia anaweza kuzirudisha kwa malipo mkimbieni. Njia yenu inaanzia kwenye hoteli yenyewe. Toeni mkataba kabatini, pigeni namba iliyo kwenye mkataba au kwenye bili na sio namba aliyowatumia mtu, muulize kama wana utaratibu wa kupokea taimshea irudi kwao. Kampuni nyingi kubwa wanao siku hizi, ila mara nyingi wanataka mkopo wa kununulia taimshea uwe umeisha na sevis chaji isiwe na deni. Wakikataa mara ya kwanza andikeni barua, elezeni mko Tanzania na hamuitumii, ombeni tena, msichoke.

Wakikubali mtasaini karatasi, waulizeni mapema kama muhuri wa wakili wa hapa Dar unawatosha au mpaka ubalozi wa Marekani pale Msasani, ambako muhuri mmoja ni dola 50. Alafu kama mlipewa hati ya umiliki, dai nakala ya uhamisho iliyosajiliwa kwenye kaunti, yani kama wilaya ya kule, kwa Orlando ni Orange County. Bila hiyo karatasi bado ni yenu hata kama mtu kawaambia kwa simu imeisha.

Huyo wa WhatsApp mfungieni ila meseji zake msifute, mripotini FTC, taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, kwenye reportfraud.ftc.gov, na likija jaribio kwa namba ya hapa nyumbani itumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Kitu kimoja kinanipa wasiwasi, hujasema kama shemeji yako naye alisaini. Muulizeni leo, maana mkiacha tu kulipa kimyakimya wanaweza kupeleka deni kwa wakusanyaji na kama alisaini, rekodi ya mkopo itakayoharibika, ile mabenki ya kule wanaiangalia kabla ya kukopesha, ni yake yeye anayeishi kule.